Ulinambia Nimshikie Kidogo

Goreth, dada yangu,

Watu wakiandika barua wanaanza na kuuliza hali. Mi sitakuuliza. Hali yako naijua, nililiona kaburi lako Jumamosi iliyopita. Wamelipandia maua ya njano, jina lake silijui, na mbuzi wa jirani ameshakula yote ya upande wa miguu. Mama yako alimfukuza kwa kandambili. Ungecheka.

Nakuandikia nikiwa saluni. Usifikiri pamekuwa pakubwa kwa sababu nasema saluni. Ni kile kile chumba chetu cha Kamenge, mlango wa bluu, kioo chenye ufa. Zaina amekwenda kuswali, Fidesi amekwenda kununua meshi za kusukia, na Keza wangu amelala kwenye mkeka pale mlangoni. Pembeni yake pana nafasi. Najikuta naizunguka ile nafasi nikipita, kama vile kuna mtu amelala pale.

Nina jambo la kukwambia juu ya Ntwari wako. Sitalikimbilia. Nikilisema haraka utashtuka, na mi mwenyewe nitashindwa kumaliza ukurasa. Acha niende pole pole kama tulivyoenda sisi, maana ile barabara ya kupanda kwenu haitaki haraka.

Kwanza ujue mtoto wako amekua. Ana meno juu na chini. Anasimama kwa kushika ukuta, anatembea kidogo, anakaa, anajipigia makofi mwenyewe. Maji anayaita ma, na mi ananiita mama. Mara ya kwanza aliponiita hivyo niligeuka kuangalia nyuma yangu, kwa sababu nilifikiri amekuona we. Fidesi aliona nilivyogeuka. Akaendelea kuchambua meshi zake.

Baba yake tangu alivyovuka kwenda Tanzania simu yake haipatikani. Hilo ulilijua kabla hujaondoka, sitalirudia.

Sijui kama huko munakumbuka ya huku, lakini mi kazi yetu siisahau jinsi ulivyoipanga. Hapa hapakuwa na mtoto wa mtu mmoja. Mwenye mikono kwenye kichwa cha mteja hana mikono ya kubeba, basi mtoto anakwenda kwa mwenye mikono mitupu. Nishikie kidogo. Asubuhi mpaka jioni ni neno hilo tu, linazunguka na watoto. Akilia, anamnyonyesha yule mwenye maziwa karibu. Unakumbuka yule mteja wa chuo kikuu aliyesema hapa watoto wanapitishwa kama sahani ya viazi kwenye karamu? We hukuacha hata kusuka. Ukamjibu, "Na we usipotuliza kichwa utapewa mmoja."

Ndiyo maana ile asubuhi sikugeuka vizuri. Homa ilikuwa imekushika tangu jana yake, sote tulisema ni malaria, nani hapa hajawahi kuwa na malaria. Ulisimama hapo mlangoni umejifunika kitenge mabegani kwenye joto lile la Bujumbura. Ukasema, "Mama Keza, nishikie kidogo." Mi nilikuwa katikati ya kichwa cha mtu. Nikakwambia umuweke mgongoni kwangu. Ukamuweka. Ukamfunga mwenyewe, ukalivuta fundo mara mbili kama kawaida yako, ukaondoka na Fidesi kwenda hospitali.

Fidesi alirudi peke yake siku iliyofuata.

Tangu hapo nashika, Goreth. Watu wakiniuliza, "Huyu naye ni wako?" nasema apana, ni wa Goreth, mi namshikia. Nimemnyonyesha pamoja na Keza, mmoja huku, mmoja huku, wanapigana miguu. Baba Keza anasema nyumba yetu imekuwa kama zizi. Lakini yeye ndiye anamkatia Ntwari kucha, maana mi naogopa.

Sasa mwezi uliopita baba yako mkubwa Leonidasi akapiga simu. Alisema familia imepanga siku ya kuganduka, kumaliza matanga, ni karibu mwaka sasa, watu warudi kwenye kazi na furaha zao. Akatutajia Jumamosi. Halafu akasema, "Mje na mtoto."

Nilipowaambia wenzangu, Zaina akaweka kitana chini. "Wamesema muje na mutoto. Hawajasema murudi naye."

Ndicho nilichokuwa nakiogopa. Baba Keza usiku huo aliniambia neno la haki, kama mwanaume mwenye haki anavyosema neno ambalo mtu hataki kulisikia: "Ule mutoto si wa kuficha. Mupeleke waone damu yao. Wakimutaka, ni wao. Lakini usilie mu gari ya watu."

Basi nikapanga kwenda kuomba. Niombe Ntwari abaki kwangu mpaka afike umri wa shule, awe na Keza, wakue pamoja. Tulifanya mazoezi hapa saluni, usicheke. Fidesi alijifunga kitambaa kichwani akajifanya mama yako, akakunja midomo. "Mutoto wangu iko wapi?" Mi nikaanza, "Mama, tunaomba..." Zaina akanikata. "Apana. Usiombe kama unaomba chumvi kwa jirani. Sema, mutoto amezoea. Sema, ananyonya bado." Fidesi akasema, "Mi nimekubali, mumuchukue." Zaina akamwambia, "We si mama ya Goreth, we ni muoga wa Gihosha." Tukacheka kidogo. Halafu tukanyamaza, kwa sababu wa kucheka kwa sauti hakuwepo.

Fidesi ndiye alinunua kitenge cha kuvaa sote. Alipokileta nikaona amekatisha vipande vinne. Alikuwa anakata kama tulivyokata siku zote. Aliposhtuka alitaka kurudisha kipande kwa muuzaji. Mi nikamkataza. Kile kipande chako nikakifanya cha kumbebea Ntwari.

Na safari yenyewe unaijua. Ulitupangia mara ngapi? Tutapanda Gitega sisi wanne, mutalala kwetu, mutaona baridi. Ulikuwa unasema kwenu hata jua linatoka limevaa sweta. Ulisema tutasimama Bugarama tule mishikaki ya mbuzi mpaka mikanda ilie. Mara wateja wa sikukuu, mara mimba yangu, mara mimba yako, mara esansi ya gari hakuna. Siku ya kukuzika tulipanda pia, lakini hiyo sihesabu. Siku hiyo barabara sikuiona, niliona sanduku tu.

Safari hii bwana yake Zaina, Baba Aisha, alitupeleka na teksi yake. Alipanga foleni ya esansi mpaka akawa anajua majina ya watoto wa kila dereva aliyekuwa mbele yake. Tukaondoka asubuhi. Zaina mbele na bwana yake, thermos ya chai kwenye magoti. Mi na Fidesi nyuma na Ntwari katikati. Pale dirishani palibaki nafasi nzuri, na Fidesi, anayependa dirisha kuliko sisi wote, hakusogea.

Tukaiacha Kamenge, tukapita Gasenyi, tukaanza kupanda. Hatukufika mbali Fidesi akaomba gari lisimame. Akainama pembeni ya barabara akatapika chai yote.

"Mutoto wa Gihosha," Zaina akamwambia kwa dirisha, "unakaa mulimani, unaogopa mulima?"

"Ule mulima wangu hauzunguki," Fidesi akajibu, anajipangusa.

Ntwari alikuwa amesimama kwenye mapaja yangu, uso kwenye kioo. Alipoona wale vijana wa baiskeli waliojishikiza nyuma ya lori kupanda mlima akaanza kupiga kelele za furaha. Halafu wengine wakaja wanashuka na mikungu ya ndizi, wanapita kama upepo, na kila mmoja akipita Ntwari anafumba macho. Anafumba sana, mpaka pua inakunjamana. Ni wewe. Ni vile ulivyokuwa unafumba macho mteja akisema bei.

Buja ilikuwa chini yetu, na ziwa nyuma yake, na milima ya Kongo. Sikujua kama tunaishi mahali pazuri hivyo. Tukiwa chini tunaona vumbi.

Bugarama ulituambia kweli. Ukungu ulikuwa barabarani, wanawake wanauza karoti na kabichi zenye maji ya baridi, na mi nimevaa blauzi ya Buja. Zaina akamnunulia Ntwari kofia ya sufu. Tukala mishikaki. Nilimtafunia Ntwari kipande, akakiweka mdomoni, akafikiri, akakitoa akampa Baba Aisha. Baba Aisha akakipokea akakila. Akasema, "Mutoto akikupa kitu unakula, ni baraka." Zaina akamwangalia kama amemuona leo.

Nataka ujue kwamba ilikuwa safari nzuri. Naona haya kuandika hivyo, lakini ni kweli. Tulikula, tulichekana, tukakutaja kila kona. Na kila tulivyokaribia, mkono wangu ulikuwa unamkaza mtoto mpaka akalalamika.

Tulipofika kwenu mama yako alikuwa amesimama mbele ya nyumba. Nilitegemea aje mbio amchukue. Hakuja. Alisimama anapangusa mikono kwenye kitenge, anapangusa, na mikono ilikuwa mikavu. Ntwari alipomuona akaficha uso shingoni kwangu. Mmoja wa shangazi zako akataka kumvuta, "Njoo kwa bibi, njoo." Mama yako akasema kwa Kirundi chake cha taratibu, "Muacheni. Hanijui."

Ni maneno madogo. Lakini ile hotuba yangu ya saluni ilianza kupotea hapo.

Hema lilikuwa limefungwa, viti vya plastiki, kreti za soda, na mtungi wa pombe ya mtama na mirija yake. Kanisani walishasoma misa yako asubuhi. Baba yako mkubwa akasimama na fimbo. Alisema vizuri. Alisema ulipokuwa mdogo ulikuwa unasuka hata nywele za mahindi yakiwa shambani bado, na baba yako akivuna anakuta nywele zimefungwa. Watu wakacheka. Akashukuru waliotoka mbali. Akatutaja sisi, "wenzake wa Buja," tukainama.

Halafu akafika kwenye lile neno la desturi. Mi nililisikia kwenye matanga mengine, lakini sikuwahi kulisikia likinigusa. Akasema, "Kama kuna aliyekuwa na madai kwa marehemu, asimame aseme leo, asije kusema kesho njiani. Na kama kuna aliyebaki na kitu chake, akionyeshe mbele ya watu."

Jirani yenu mmoja akasimama na mwavuli mweusi, akasema ulimwazima siku ya mvua ukiwa bado msichana, na hajawahi kupata nafasi ya kuurudisha. Akaupokea mama yako. Baba mkubwa akauliza tena, kama wanavyouliza, "Kuna mwingine?"

Mi nikasimama.

Sikupanga. Zaina alinivuta sketi, nikamsikia, nikaendelea kusimama. Ntwari alikuwa mgongoni. Watu wote wakageuka. Nikaona sasa hivi nitasema yale maneno, mtoto amezoea, ananyonya bado, afike umri wa shule. Hayakuja. Nikasema, "Mi nimebaki na mutoto wake. Siku ile alinambia nimshikie kidogo. Sijui kidogo ni mpaka lini. Nimekuja kuuliza."

Mzee mmoja pale kwenye mtungi akatoa mrija mdomoni. "Mutoto si mwavuli," akasema. Watu wakacheka, si kwa ubaya. Baba yako mkubwa akakohoa. Akaniambia kwa heshima niketi, hayo ni mambo ya ndani ya nyumba, huwa hayaulizwi hemani, yatasemwa na familia watu wakishatawanyika. Ndipo nikajua nimekosea. Lile swali ni la vitu. Hakuna mtu anayesimama na mtu.

Nikawa nakaa, na mama yako akasema kutoka kwenye mkeka wake, "Muacheni, amesema vizuri."

Halafu akasema hivi, na sikumwona anamwangalia mtu: "Na mimi aliniambia hivyo hivyo. Siku anashuka Buja alisimama pale kwenye mgomba na mfuko wake. Akasema, mama, naenda kidogo. Nasuka watu, napata pesa ya mabati ya nyumba, narudi. Na mimi sijui kidogo ni mpaka lini."

Goreth, kama angesema, nipe mtoto wangu, nilikuwa na la kumjibu. Nilikuwa nimejifunza kumjibu. Hakusema. Alikaa tu na mwavuli wako kwenye mapaja.

Baba mkubwa akafunga maneno. Watu wakanywa, wakala, wakaanza kuongea habari za mbegu na mvua, kama inavyotakiwa siku ya kuganduka. Sisi watatu tulikaa nyuma ya nyumba kwenye kivuli, tunangojea kuitwa ndani kwa hayo mambo ya familia. Badala ya kuitwa, mama yako akaja mwenyewe. Alikuwa na kitana mkononi.

Tangu ulivyozikwa hakuna aliyemgusa kichwa. Alipotoa kitambaa nikaona nywele zimeshikana, nyeupe kwenye mizizi. Akasema, "Matanga yamekwisha. Alikuwa anasema atanisuka. Nani kati yenu ana mkono wake?"

Zaina akaninyooshea kidole. Ni kweli, mi ndiye uliyenifundisha, na mkono wangu ni wako, hata makosa ni yako.

Akakaa kwenye mkeka, mgongo kwenye magoti yangu. Nikaanza kuchana pole pole na mafuta. Na Ntwari huko mgongoni akawa ananivuta, anataka kuona, ananing'ata bega. Mikono yangu yote ilikuwa imejaa. Basi nikasema bila kufikiri, kama ninavyosema kila siku ya Mungu:

"Mama, munishikie kidogo."

Zaina na Fidesi wakaacha kuongea. Mi mwenyewe nilisikia nilichosema kikiwa kimeshatoka. Mama yako hakugeuka. Akanyoosha mikono nyuma juu ya mabega yake, na Fidesi akamfungua Ntwari akampa.

"Kidogo ya Buja?" akauliza.

"Kidogo ya kweli, Mama."

Akacheka kwa pua. Nilikuwa sijui kama anaweza kucheka, na alicheka kama we.

Nikasuka mistari ya kulala, ile nyembamba unayoanza mbele na kuimalizia shingoni. Nilipofika nyuma ya sikio la kushoto nikakuta lile shungi, ile nywele yako iliyokuwa inazunguka na kukataa kulala, tuliyokuwa tunaipigania kila mwezi. Mama yako anayo, mahali pale pale. Nikachungulia chini kwa Ntwari. Na yeye anayo. Mwaka mzima namuogesha sijawahi kuiona, nilidhani ni nywele tu za mtoto.

Kwanza Ntwari alilia. Mama yako hakumbembeleza kwa maneno. Akampigapiga mgongoni, mara mbili, anaacha, mara mbili, anaacha. Nikasimamisha mikono. Hivyo ndivyo ulivyokuwa unampiga we, na mi nilijaribu miezi yote nikashindwa kupata ile nafasi ya katikati. Mtoto akaisikia. Alinyamaza kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa kwenye umati. Akalala kabla sijamaliza upande wa pili.

Nilimaliza pole pole sana. Zaina aliona, hakunihimiza, na Zaina unamjua.

Baba Aisha akaja kusema tushuke kabla ukungu haujafunga Bugarama. Nikafunga mstari wa mwisho. Nikasimama. Mama yako akabaki amekaa, mtoto kwenye mapaja. Sasa mikono yangu ilikuwa mitupu, na kwetu saluni mwenye mikono mitupu ndiye anachukua mtoto. Yeye hakuwa ameona tunavyofanya kazi, lakini alielewa. Akaniangalia. Akaanza kumnyanyua anipe, Goreth. Hiyo uijue. Alikuwa ananipa.

Nikasema, "Amelala, Mama. Mutamuamsha."

Akamrudisha kwenye mapaja. Halafu mi ndiye nikaanza kuongea haraka kama mjinga. Nikamwambia uji wake uwe mwepesi, sukari asiweke. Ngurumo anaiogopa. Analala kwa tumbo. Akisema ma ni maji, lakini akisema mama ni... nikakwama hapo. Mama yako akasema, "Nimesikia." Nikamwachia kile kitenge, kipande chako, na kofia ya Zaina. Sikumbusu mtoto, niliogopa kumuamsha. Nilimgusa lile shungi kwa kidole.

Kushuka nililia. Baba Keza alikuwa amenikataza na nililia. Tukifika Muramvya maziwa yakaanza kutoka yenyewe, yakalowesha blauzi mbele yote, maana ilikuwa saa yake ya kunyonya. Fidesi akavua kitenge chake akanifunika. Safari hiyo hakutapika hata mara moja, sijui kwa nini. Zaina alihamia nyuma, akanishika mkono mpaka Kamenge, ananitukana kwa sauti ndogo. "Mupumbavu we. Nani alikutuma kusimama. Nani alikutuma kusuka. Mupumbavu mwenye moyo." Hapo dirishani pako akawa amekaa yeye.

Nyumbani Keza alimtafuta nyuma yangu. Akazunguka, akaangalia mgongo, akazunguka tena. Baba Keza aliona blauzi, akaona mgongo. Alikwenda akakaa nje muda mrefu. Asubuhi nikakuta ule wembe mdogo wa kumkatia kucha ameuweka juu ya kabati, ndani ya kitambaa safi.

Basi ndilo jambo lenyewe. Nimelisema.

Sijui kama nimefanya sawa. We ulinipa mimi, hukumpa mama yako, na huenda ulikuwa na sababu, na huenda ulinipa kwa sababu tu nilikuwa karibu na mlango. Nimekuuliza mara nyingi nikiwa nafagia. Lakini nilipoona ule mkono unampigapiga, nilijua kuna kitu mi nilikuwa namnyima bila kujua, na yeye mama yako alikuwa amekaa nacho mwaka mzima hana wa kumpa. Mi nina Keza. Yeye ana mwavuli.

Leo asubuhi mama yako alipiga kwa simu ya jirani. Nilishika simu kwa mikono miwili. Akasema siku za kwanza mtoto alilia, akatafuta mlango. Sasa anakula. Anamfuata ng'ombe akimwita mama, na ng'ombe anaitika. Nikacheka, nikalia, nikacheka. Akasema jioni mtoto anasimama pale kwenye mgomba anaangalia barabara, na hajui anaangalia nini.

Nikafikiri amemaliza. Akasema, "Na ile mistari yako imeanza kulegea huku mbele. Utakuja kuitazama lini?"

Goreth, ni wiki moja tu. We ndiye uliyenifundisha kukaza. Mistari yangu hailegei kwa wiki moja, hata kwenye kichwa cha mtu anayebeba kuni. Mama yako anajua na mi najua.

Nikamwambia, Mama, nakuja Jumamosi.

Nitapanda, dada. Bila gari ya Baba Aisha nitapanda basi, nimbebe Keza wamalizie ugomvi wao wa miguu. Nitamsuka mama yako, na nywele zikikua nitapanda nizifumue, nisuke tena. Nywele hazijui kusimama, zinakua hata kwenye huzuni, na mi zikikua nakwenda. Mabati pia tutayaangalia. Fidesi ameanza kuweka pesa kando kidogo kidogo kwenye kopo lile la majani ya chai, anafikiri sijui. Ntwari atanijua. Atajua alinyonya wapi na mgongo gani alifungwa, na siku akiweza kuelewa nitamwambia mama yake alivuta lile fundo mara mbili.

Lala salama sasa. Mbuzi tutamwangalia. Zaina amerudi, ananiuliza ninaandika nini, na mteja amesimama mlangoni na mtoto mgongoni, anatafuta pa kumuweka. Nimemwambia alete huku, mikono yangu ni mitupu.

Mwenzako,
Mama Keza